Hatua Nilizofuta

Jumatatu, 3 Machi

Mvua zimeanza leo, na mimi nimeanza darasa.

Nitasoma hesabu jioni tatu kwa wiki, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, mpaka siku ya mtihani wa kuingia chuo cha ufundi. Nataka kozi ya kuchora ramani za nyumba. Nafasi ni ishirini. Mwalimu ametuhesabu kwa kidole, tumetimia sitini na watatu. Mimi niliacha shule kidato cha pili, mama yangu alipofariki, nikawa mama wa wadogo zangu kabla sijawa mama wa mtu. Tangu siku hiyo hesabu zangu zimekuwa za vijiko vya unga wa uji.

Makubaliano ya nyumbani ni haya. Mama, yaani mama mkwe wangu, atabaki na mwanangu Kidonge jioni hizo tatu. Mvua zikikatika atakwenda kwa wifi yangu anayetarajia mapacha, na mwaka huu harudi tena. Baba Kidonge ameniambia jana kabla ya kurudi kambini kwenye kazi yake ya barabara: "Una msimu mmoja, mke wangu. Ukipata nafasi, pale chuoni kuna chumba cha watoto, tutajipanga. Usipopata, tusilaumiane." Alisema kwa upole. Angefoka ningepata wa kugombana naye.

Jumatano, 5 Machi

Mwalimu ni kijana, viatu vimelowa, anaongea kama anayekimbizwa. Ameandika ubaoni 3x + 7 = 22. Amesema x ni sufuria yenye mfuniko, kazi yetu ni kufunua, lakini kwa adabu: unachokifanya upande huu, ufanye na upande wa pili. Ukiondoa 7 huku, ondoa 7 kule. Inabaki 3x = 15. Gawa kwa 3 pande zote. x = 5.

Mwanamume ninayekaa naye dawati moja ni mwashi, saruji imemganda kwenye kucha, na darasa zima limeshamwita Mwashi. Akaninong'oneza, "Nimeitafuta tano maisha yangu yote, kumbe ilikuwa humu." Nikacheka, Mwalimu akatutazama.

Kwa adabu, pande zote mbili. Nimerudi nalo njia nzima neno hilo.

Alhamisi, 6 Machi

Shida yangu ni usingizi wa Kidonge. Mchana halali mpaka nimbebe mgongoni nikiwa nimesimama, nimtikise, nitembee. Nikikaa tu, anaamka. Nikishika daftari, mkono mmoja unamshikilia yeye na mwingine kalamu, daftari linaanguka. Na akiwa macho, karatasi yoyote anayoifikia anaila.

Leo nimegundua mlango wa stoo ya jikoni. Umepakwa rangi nyeusi, ni laini kama ubao. Nilikuwa na kipande cha chaki nilichookota darasani. Nikasimama mbele yake, nikamtikisa mtoto, nikaandika. Kidonge akalala, na x ikapatikana.

Mama akaingia na ndoo. Akautazama mlango, hakunitazama mimi. Nilisahau kwamba mlango ule aliuranda marehemu baba mkwe kwa mkono wake. Mama huupangusa kila asubuhi kabla hajawasha jiko, hata kama hauna vumbi. Akasema, "Mlango wangu si ubao wa shule, Mama Kidonge." Nikaomba radhi, nikafuta kwa kiganja. Alipofika mlangoni akageuka. "Ukiandika, andika. Lakini nikija nikute safi."

Jumamosi, 8 Machi

Mvua. Jino la Kidonge. Sijafanya kitu.

Jumatano, 12 Machi

Mlango nimeuzoea. Chini siwezi kuandika, Kidonge akishuka anaramba chaki. Juu ananivuta mkono kutoka mgongoni. Imebaki nafasi ya katikati, upana wa viganja viwili, inatosha mistari miwili tu. Basi naandika mstari wa kwanza, chini yake wa pili, kisha nafuta ule wa kwanza na kuandika wa tatu mahali pake. Mstari unazaa mstari, na mzazi anafutwa. Mama akikohoa ukumbini, nafuta na wa mwisho. Hajawahi kunikuta na hata nukta.

Leo darasani nimeitwa ubaoni: 5x − 4 = 2x + 11. Nikakusanya x zote kushoto na namba kulia, nikapata 7x = 7, kwa hiyo x = 1. Nikarudi kukaa, nimevimba kichwa. Mwalimu hakusema nimekosa. Akasema irudishe hiyo moja ndani ya sufuria. Kushoto nikapata 1. Kulia nikapata 13. Darasa likaguna.

Kosa langu: namba ikivuka alama ya sawasawa, inabadilika. Ya kujumlisha inakuwa ya kutoa, ya kutoa inakuwa ya kujumlisha. Mimi nilizivusha zote kama zilivyo. Inatakiwa 5x − 2x = 11 + 4, yaani 3x = 15. Ni tano tena. Mwashi akasema, "Tano haikuachi, shemeji, ni ndugu yako wa damu."

Nimejisemea kwamba kila jibu nitalirudisha ndani ya swali lake kabla ya kuliamini.

Ijumaa, 21 Machi

Jaribio la kwanza limerudishwa. Nimepata majibu yote nane. Moja lilikuwa la sufuria mbili kwa mpigo: 2x + y = 11, na x − y = 1. Ukizijumlisha hizo mbili, y zinauana zenyewe, inabaki 3x = 12. x ni 4, basi y ni 3. Nililipenda swali hilo, limekaa kama ndugu wawili wanaopatana mbele ya wageni.

Lakini pembeni Mwalimu ameandika kwa wino mwekundu: Hatua ziko wapi?

Nilimfuata mlangoni. Nikamwambia niliziandika, nikazifuta. Huwa tunaandika kwa penseli, na penseli zenyewe zina kifutio kichwani. Akanitazama huku anafungua mwavuli. "Usifute. Msahihishaji hakujui wewe." Akaondoka zake.

Kuanzia Jumatatu sifuti.

Jumanne, 25 Machi

Mama hasemi nami zaidi ya salamu. Nikirudi jioni namkuta amekaa na Kidonge mapajani, ameniwekea chakula na sahani juu yake, na uso kama ukuta. Baba Kidonge alikuwepo Jumamosi, nikamuuliza kama mama yake anachukia mimi kusoma. Akasema mama yake yuko hivyo tangu dunia iumbwe. Hilo si jibu.

Nadhani anaona nimeolewa kwake nikaishia kumwachia mtoto. Nadhani anahesabu siku za kuondoka.

Jumatano, 2 Aprili

Urefu wa chumba umezidi upana wake kwa mita 5, na eneo lake ni mita za mraba 84. Tafuta upana. Hili nilihisi limetungwa kwa ajili yangu, maana ndiyo kazi ninayoitaka.

Upana ni x, urefu ni x + 5. Zidisha: x² + 5x = 84. Vusha 84, ikivuka inabadilika: x² + 5x − 84 = 0. Sasa tafuta namba mbili zikizidishwa zilete hasi 84, zikijumlishwa zilete 5. Nimezitafuta tangu saa nane mchana mpaka Kidonge akaamka na kulala tena. Ni 12 na hasi 7. Kwa hiyo x ni 7, au x ni hasi 12. Nikafuta, nikabaki na majibu mawili mlangoni.

Darasani Mwalimu akauliza tuchukue lipi. Mwashi akasema yeye amejenga vyumba vingi vibaya lakini cha upana hasi kumi na mbili bado. Kwa hiyo ni 7. Nikarudisha: 7 mara 12 ni 84.

Alhamisi, 10 Aprili

Tumeingia pembetatu. Ngazi ya mita 6 imeegemezwa ukutani, mguu wake uko mita 3 kutoka ukuta. Imelalia pembe gani? Upande wa chini ukigawanywa kwa upande mrefu ndiyo kosaini. 3 kwa 6 ni nusu. Pembe yenye kosaini nusu ni nyuzi 60. Na ngazi inafika juu kiasi gani? 36 toa 9, 27, kipeuo chake ni mita tano na kitu kidogo.

Tangu juzi naona pembe kila mahali. Fimbo ya fagio ikiegemea. Mvua ikipigwa na upepo. Kidonge akiinama kuokota kitu, mgongo na miguu, matako ndiyo kilele.

Jumatatu, 14 Aprili

Kidonge ana homa. Sikwenda darasani.

Jumanne, 15 Aprili

Bado. Nimemkanda maji ya vuguvugu usiku kucha na Mama kwa zamu. Hatusemi, tunapokezana kitambaa.

Jumatano, 16 Aprili

Zahanati wametupa dawa. Barabara ya chini imejaa maji, tumezunguka. Darasa limenipita tena, na ndiyo wiki ya pembe za kutazama juu, ambazo Mwalimu alishasema haziwezi kukosa kwenye mtihani.

Ijumaa, 18 Aprili

Homa imeshuka. Amekula ndizi nzima, akaomba nyingine, nikalia kwa sababu ya ndizi.

Darasa la leo limeahirishwa kwa ajili ya mafuriko. Jioni Mwashi akaja mpaka getini na karatasi ndani ya mfuko wa nailoni. Amenakili masomo mawili niliyokosa. Hakuingia, alisimama kwenye mvua, akanipa juu ya geti, akasema mwandiko wake ni mbaya ila pembetatu zake zimesimama wima, yeye ni fundi. Nikamshukuru. Dakika mbili, hazikufika tatu.

Jirani wa kushoto alikuwa dirishani. Mama alikuwa nyuma yangu. Akauliza, "Nani huyo?" Nikamwambia mwenzangu wa darasa. Akasema "Haya," akaingia ndani kupangusa mlango ambao ulikuwa umeshapanguswa asubuhi.

Jumanne, 22 Aprili

Natikisa mtoto, naandika, nafuta. Zimebaki siku nne kabla ya mtihani.

Jumamosi, 26 Aprili

Mtihani umekwisha.

Mvua ilipiga bati la ukumbi mpaka msimamizi akawa anatangaza muda kwa kuandika ubaoni. Madawati yalibanana, Mwashi alikuwa kushoto kwangu, tumepangwa kwa namba. Maswali kumi. La kwanza niliposoma sikuelewa neno hata moja, macho yakawa yanaruka. Nikafumba macho, nikajiona nimesimama jikoni na uzito wa Kidonge mgongoni, na nilipofumbua mkono ukaanza kwenda wenyewe. Kila jibu nilirudisha ndani ya swali lake. La nane pekee lilinishinda, la saini na kosaini kwa pamoja.

Nimetoa karatasi safi kuliko ya mtu yeyote niliyemwona. Mwashi yake ilijaa mikwaruzo kama ukuta usiopigwa lipu.

Mama ameuliza vipi. Nikasema vizuri, Mungu akipenda. Ameniwekea nyama kubwa.

Ijumaa, 2 Mei

Hakuna habari. Mvua zimepungua. Mama ameanza kukunja nguo zake.

Jumatatu, 5 Mei

Nimeitwa chuoni. Nilidhani naenda kusikia nimepata.

Msajili ni mtu mzima, anaongea taratibu, na hilo ndilo linatisha. Alikuwa na karatasi mbili mezani, yangu na nyingine. Akaniambia nikae. Akasema maswali tisa kati ya kumi nimepata, nikatabasamu kama mjinga. Kisha akaigeuza ile ya pili, nikaona ile mikwaruzo, nikaitambua. Akasema majibu sita yanafanana. Mwenzako ameonyesha alikotokea, wewe umeandika jibu tu. Akasema kwa miaka aliyokaa pale, mtu mwenye jibu lisilo na njia ameliokota kwa jirani.

Nikasema niliandika njia, nikaifuta.

"Kwa nini mtu afute kitu chenye alama?"

Ningeanzia wapi, kwenye mlango, mtoto, chaki? Nikasema nimezoea. Nilijisikia nikisema, hata mimi nisingeamini.

Mwalimu alikuwa dirishani. Akaichukua karatasi yangu, akaiinua kwenye mwanga. Akamwambia Msajili kwamba penseli imeacha mifuo, kuna kitu kiliandikwa humu. Msajili akasema mifuo haisomeki. Wakabishana kwa sauti ya chini kana kwamba mimi ni kiti. Mwisho Msajili akasema keshokutwa saa nne nije nifanye swali moja ubaoni mbele yao, swali ambalo hakuna aliyeliona. Nikishindwa, jina langu linatoka na sitaruhusiwa kujiandikisha tena. Na Mwashi ataitwa pia, maana anayeibiwa akanyamaza ni mshirika.

Nilitembea mpaka nyumbani sikuhisi mvua. Habari ilikuwa imeshanitangulia, mpwa wa jirani anafagia pale chuoni. Nilipopita dirishani kwake, jirani akasema na mtu aliye ndani, kwa sauti ya kunifikia mimi, kwamba wengine wanasoma hesabu, wengine wanasomewa na mafundi.

Mama alikuwa jikoni. Kidonge alinishika miguu, nikambeba, nikakaa naye sakafuni kwenye chumba chetu mpaka akalala kifuani. Amelala nimekaa. Kwa mara ya kwanza.

Jumanne, 6 Mei

Mama amenisubiri mpaka nimemaliza kuosha vyombo. Akafunga mlango wa jikoni wa nje, akabaki amesimama.

"Nitakuuliza mara moja tu. Ulimwibia yule mwashi?"

"Sikumwibia, Mama."

"Na getini alileta nini?"

Nikaleta zile karatasi mbili, zimekunjamana kwa mvua. Akazishika. Mama anasoma kidogo kidogo, kidole kikitangulia. Akatazama pembetatu upande mmoja, akageuza, akatazama na nyingine. Akanirudishia.

"Basi nionyeshe."

Nikasema nikuonyeshe wapi. Akanyoosha kidevu kuelekea mlango wa stoo. Nikamfunga Kidonge mgongoni, maana alikuwa analia, nikachukua chaki. Nilichagua lile la chumba cha 84. Nikaandika mstari wa kwanza na wa pili, nikafuta wa kwanza. Wa tatu. Nikafuta wa pili. Nilikuwa namweleza huku naandika, namba ikivuka inabadilika, Mama, kama mtu akivuka kizingiti akavua viatu. Nilipofika kwenye 7 nikasimama. Mlangoni kulikuwa na 7 peke yake.

Nikageuka. Mama hakuwa anatazama saba. Alikuwa anatazama kiganja changu, kilivyo cheupe kwa chaki.

"Mbona unafuta?"

"Ulisema ukija ukute safi."

Akakaa kwenye kigoda. Jiko lilikuwa linazima, hakulitazama. Kisha akauliza kama kule kwenye mtihani pia nilifanya hivyohivyo, nikasema ndiyo, mkono ulikwenda wenyewe. Akauliza wao wanataka nini hasa. Nikasema wanataka kuona njia yote, kuanzia juu mpaka chini.

"Na kesho utaweza kuacha?"

"Sijui, Mama."

Hiyo ndiyo kweli yenyewe. Mwalimu aliniambia Machi. Niliahidi. Nikafuta.

Mama akasimama, akachota maji, akaendelea na kazi zake. Alipopita nyuma yangu akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayesema chumvi imekwisha, "Kesho tunakwenda wote."

Jumatano, 7 Mei

Nitaandika yote, hata kama mkono utauma.

Mama alivaa gauni la arusi na misiba. Alimbeba Kidonge mwenyewe. Njiani tulikuwa tukionyeshana madimbwi.

Mwashi alikuwa ameshaitwa, tukamkuta ndani amesimama, kofia mkononi. Msajili alimuuliza mbele yetu kama aliniruhusu kuangalia karatasi yake. Mwashi akaitazama kofia.

"Mheshimiwa, aliyetaka kuangalia ni mimi. Nilichungulia kwake mara mbili, lile la tano na lile la nane. Kila nikitupa jicho, ameshafuta njia. Nikarudi kwenye langu."

Msajili akamuuliza kama anajua anachokisema kuhusu nafsi yake. Akasema anajua. Akasema anaomba ahukumiwe kwa kutaka tu, maana kupata hakupata. Mwalimu akakohoa, nadhani alikuwa anaficha kicheko. Mimi sikucheka. Nilikuwa najua mtu huyu amefanya nini dakika ile, na amekifanya huku anatania.

Msajili akataka Mama asubiri nje. Mama akasema, "Mimi ndiye niliyemfundisha kufuta. Naomba nikae." Sijui kama walielewa. Wakamwachia kiti cha karibu na ubao.

Msajili akasoma kwenye karatasi: mtu ametazama kilele cha mnara kwa pembe ya nyuzi 30. Akasogea mita 20 kuelekea mnara, akatazama tena, sasa ni nyuzi 60. Tafuta kimo cha mnara.

Ni lile somo nililokosa. Lile la karatasi zilizolowa.

Nikachora mnara. Nikachora mtu mara mbili, alipoanza na alipofika. Kidonge akasema "Mama" kwa sauti kubwa, nikaendelea. Umbali kutoka alipofika mpaka chini ya mnara nikauita x. Kwa hiyo alipoanza ni x + 20. Kimo nikakiita h. Kimo kugawanywa kwa umbali ndiyo tanjenti. Nikaandika:

h = x × tan 60, yaani x√3.

Chini yake:

h = (x + 20) × tan 30, yaani (x + 20) ÷ √3.

Hapo mkono wangu wa kushoto ukaenda kwenye kifutio. Niliuona ukienda. Ulikwenda mahali kilipokuwa, kwenye ubao mwembamba wa chini, ukapapasa, haukukuta kitu. Nikatazama chini. Hakipo. Nikatazama pembeni.

Mama alikuwa amekikalia. Ncha yake ya mbao ilichungulia chini ya gauni. Alikuwa ametazama mbele kama mtu aliye kanisani au msikitini, Kidonge mapajani, uso wake ule ule kama ukuta.

Kiganja nikakibana ubavuni. Nikaandika mstari wa tatu chini ya ile miwili.

Kimo ni kimoja, kwa hiyo x√3 = (x + 20) ÷ √3. Nikazidisha kwa √3 pande zote, kwa adabu, huku na kule. √3 mara √3 ni 3. Ikawa 3x = x + 20. Hapo nikasimama, maana hapo ndipo nilipokosea Machi. x ikivuka inabadilika. 3x − x = 20. 2x = 20. x = 10. Basi h = 10√3, mita kumi na saba na kidogo.

Sikugeuka. Nikarudisha. Kutoka mita 10, tanjenti ni √3, nyuzi 60. Kutoka mita 30, tanjenti ni 10√3 kwa 30, yaani moja kwa √3, nyuzi 30. Nikaandika na hayo pia. Kisha nikarudi nyuma hatua tatu.

Sijawahi kuiona hesabu yangu nzima. Nilikuwa naijua mstari mmoja mmoja, kama mtu anayemjua mtoto wake kwa mkono na mguu tu. Ubao ulijaa kutoka juu mpaka chini, na kila mstari ulikuwa umemshika mwenzake.

Msajili alisoma polepole, kuanzia juu. Alipofika chini akavua miwani. Akasema tutaona orodha ikitoka. Na akasema, "Binti, siku nyingine usitufiche."

Tulikuwa tumeshavuka barabara ndipo Mama alipotoa kitu kwenye mkoba. Kifutio. Alisimama nacho mkononi katikati ya njia, akaniangalia, akaangalia chuo.

"Sasa tumewaibia kweli," akasema.

Tukacheka mpaka Kidonge naye akacheka bila kujua. Nilikuwa sijawahi kumsikia Mama akicheka. Ana kicheko chembamba, kama cha msichana.

Jumatatu, 12 Mei

Jua siku nzima. Nimekirudisha kifutio kwa mfagiaji.

Jumamosi, 17 Mei

Orodha imebandikwa. Mimi ni wa kumi na nne.

Nimeisoma mara tatu, kisha nikairudisha: nikahesabu kutoka chini kwenda juu. Wa saba kutoka chini. Ishirini, toa kumi na nne, jumlisha moja. Ni sawa.

Mwashi alikuwa na alama za kuingia, lakini jina lake limewekwa kwenye orodha ya akiba, la pili. Nilimkuta pale, nikamtazama. Akasema nisimwangalie hivyo kama aliyefiwa, akiba ni nyumba iliyofika lenta, imebaki paa tu. Nikamwambia nitakuwa nikinakili masomo yote, kwa karatasi, na hatua zake, mpaka atakapoitwa. Akasema, "Usifute tu, shemeji." Baba Kidonge amekuja leo, na Mwashi alipopita mtaani kwetu nimempeleka getini akamsalimie kwa mkono, mchana kweupe, jirani akiwa dirishani.

Jumapili, 18 Mei

Mama anaondoka kesho. Mvua zimekatika.

Alfajiri nimeamka nikamsikia jikoni. Nikachungulia. Jana, Kidonge alipokuwa mgongoni, nilimwandikia baba yake lile la mnara kwenye mlango wa stoo ili aone, lote, juu mpaka chini, na kwa furaha nikaenda kulala nikaliacha.

Mama alikuwa na kitambaa chake cha maji. Alikuwa anapangusa mlango kama kila siku, polepole, pembe zote nne, bawaba, kitasa. Akifika kwenye namba anaziruka, anazunguka kwa ncha ya kidole ndani ya kitambaa, karibu kabisa, bila kugusa chaki.

Sikuingia. Nilimwacha amalize.